Msimamo Kwanza au Pande Mbili Kwanza: Kuchagua Umbo la Insha ya IELTS

Anayejiandaa kwa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, hapa Mombasa hukutana mapema na ushauri wa aina mbili unaopingana. Mmoja humwambia aseme anachoamini tangu aya ya kwanza, kisha akitetee hadi mwisho. Mwingine humwambia apime pande zote mbili kwa haki, ndipo atoe uamuzi. Kila upande una watu wake waliofaulu, na kila upande unasema kweli kwa kiasi chake. Anayeumia ni yule anayeyachanganya maumbo hayo mawili ndani ya insha moja bila kujua. Huyo ndiye ninayemwandikia: nesi anayetoka zamu ya usiku pale Makadara na kufungua daftari badala ya kulala, kijana aliyemaliza Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa na anatafuta nafasi ya masomo Kanada, mama wa Bamburi anayetaka kumfuata mumewe Australia.

Mambo ya msingi kwanza. Karatasi ya kuandika ina dakika 60 na kazi mbili. Ya kwanza inataka maneno yasiyopungua 150: wanaofanya mtihani wa kitaaluma hueleza chati, jedwali au mchoro, na wanaofanya ule wa jumla huandika barua. Ya pili ndiyo insha. Inataka maneno yasiyopungua 250, unashauriwa kuipa dakika 40, na uzito wake ni mara mbili ya ile ya kwanza. Mtahini huipima kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: namna ulivyolijibu swali, mpangilio na mshikamano wa mawazo, msamiati, na sarufi.

Viwili vya kwanza vinategemea umbo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nusu ya alama za insha huanza kupatikana au kupotea kabla hujatafuta neno hata moja zuri la Kiingereza. Nimewaona watu wanaozungumza na wageni bila kukwama, wanaosoma magazeti ya Kiingereza kila siku, wakirudi na alama 6 kati ya 9 ya kuandika huku kusoma na kusikiliza wamepata 7.5. Ukiisoma insha yao unakuta sentensi safi na jibu lisiloonekana. Inauma, kwa sababu ada ya mtihani huu si fedha ya kuchezea, na matokeo yenyewe hutumika miaka 2 tu.

Kabla ya kulinganisha, kuna umbo jingine ambalo wengi wetu tunaingia nalo chumba cha mtihani bila kulialika: insha ya shule. Methali ya kufungulia, kisa cha kusisimua, hoja ikijitokeza polepole, funzo mwishoni. Kwa mtahini wa KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, huo ni ustadi unaostahili sifa. Tena sisi wa Pwani tuna adabu zetu za mazungumzo. Mtu hakurupuki na neno lake barazani. Hujuliana hali na waliopo, huwapisha wakubwa, huzunguka kidogo, ndipo aseme. Ni adabu nzuri na sitaki mtu aiache. Lakini mtahini wa IELTS ana karatasi tu mbele yake, na mzunguko huo kwake husomeka kama mtu asiye na msimamo. Methali ya mwanzoni humeza maneno 20 kati ya 270 na haijajibu chochote. Iache nje ya mlango siku hiyo.

Swali moja, maumbo mawili

Tuchukue swali la aina inayotokea mara nyingi: baadhi ya watu wanaona magari ya kibinafsi yakatazwe kuingia katikati ya miji, je, unakubali au unapinga kwa kiasi gani? Nitaijenga insha yake kwa Kiswahili, makusudi kabisa, ili jicho litazame umbo lisishughulike na Kiingereza.

Umbo la msimamo kwanza huanza hivi: "Miji mingi imeshindwa kuyabeba magari yaliyopo. Naunga mkono kuyakataza yale ya kibinafsi katikati ya mji, kwa sababu yanachelewesha usafiri wa wengi na yanachafua hewa ya wanaofanya kazi humo." Sentensi mbili, na mtahini tayari anajua unaelekea wapi na aya mbili zijazo zitahusu nini. Aya ya pili inashika hoja ya usafiri peke yake. Gari lenye dereva tu huchukua nafasi isiyo mbali sana na ile ya matatu yenye abiria 14. Katika mji uliojengwa juu ya kisiwa, kama Mombasa, njia za kuingia ni chache na kila gari la ziada linalofika Daraja la Nyali au foleni ya feri ya Likoni linawacheleweshea wengine. Aya ya tatu inashika hoja ya hewa: mchuuzi anayekaa kutwa kando ya Digo Road anavuta moshi wa magari asiyoyapanda. Hitimisho linarudia msimamo kwa maneno mengine, bila hoja mpya. Aya nne, imekwisha.

Umbo la pande mbili linataka kazi zaidi. Utangulizi: "Kukataza magari ya kibinafsi katikati ya miji kuna faida na hasara zinazojulikana. Kwa maoni yangu, hatua hiyo inafaa, ila pale tu usafiri wa umma unapotosheleza." Angalia kwamba msimamo umo tangu hapo, ingawa tunapima pande mbili, nitalirudia jambo hili. Aya ya pili inaeleza kwa nini wengine wanataka katazo: msongamano na moshi. Aya ya tatu inawapa wapinzani haki yao: mzee mwenye maumivu ya magoti anayepelekwa kliniki, na mwenye duka dogo karibu na Marikiti anayebeba bidhaa kwa gari lake mwenyewe kwa kuwa hana uwezo wa kukodi. Aya ya nne inapima: hasara hizo zinapungua iwapo kuna mabasi ya uhakika na vibali maalumu, ilhali moshi na msongamano havipungui vyenyewe. Kisha hitimisho. Aya tano.

Ziweke hizo mbili mezani pamoja. Ya kwanza ina hoja mbili, na kila moja imepata aya nzima ya kuelezwa, kutolewa mfano na kufungwa. Ya pili ina hoja nne ndani ya idadi ileile ya maneno, kwa hiyo kila moja imepata sentensi mbili, ukijitahidi tatu. Kigezo cha kwanza kinataka mawazo makuu yaelezwe na kuungwa mkono. Kuyataja tu hakutoshi. Hapo umbo la kwanza lina nafasi kubwa kwa mtu ambaye Kiingereza chake bado hakimruhusu kusema mengi kwa maneno machache.

Muda nao. Katika dakika 40, umbo la kwanza huacha dakika chache za kusoma tena na kurekebisha vitenzi na viambishi vya wingi, makosa yanayotushika sote tunaofikiri kwa Kiswahili. Umbo la pili huzila dakika hizo. Mtu anayeandika polepole hujikuta kwenye aya ya nne, ile yenye uamuzi wenyewe, saa ikimwambia amalize, naye huandika sentensi moja ya haraka. Insha nzima ilikuwa ikielekea kwenye aya hiyo, na ndiyo iliyotoka dhaifu.

Umbo la pili lina fadhila yake, na singependa kuidharau. Linakulazimisha kulinganisha, kuweka masharti, kusema "ingawa", "iwapo", "ilhali". Sentensi za aina hiyo ndizo zinazoonyesha upana wa sarufi. Mtu mwenye Kiingereza imara, anayelenga 7.5 au 8, hupata hapa uwanja wa kuonyesha uwezo ambao umbo la kwanza likiandikwa kivivu halimpi. Pia linamfaa mtu ambaye kwa kweli haoni upande mmoja umeshinda. Kumlazimisha huyo atetee asichoamini huzaa insha iliyokauka.

Kila umbo lina namna yake ya kuharibika. La msimamo kwanza huharibika pale aya ya pili na ya tatu zinapokuwa hoja ileile imevaa nguo mbili: msongamano unapoteza muda, kisha msongamano unachelewesha watu kazini. Huharibika pia kwa kukuza mambo: kila mtu anajua, hakuna anayeweza kukana, miji yote duniani. Mtahini huyaona majumuisho hayo na alama hukwama. La pande mbili huharibika kwa namna moja kubwa, na hiyo ndiyo inayowaangusha watu wengi zaidi: kutokuwa na jibu. Aya moja inasema ndiyo, nyingine inasema hapana, hitimisho linasema kila upande una umuhimu wake na serikali iangalie. Mshika mbili, moja humponyoka. Vigezo vya alama 7 vinataka msimamo ulio wazi na uliojengwa. Msimamo unaotokea ghafla kwenye sentensi ya mwisho, baada ya aya tatu za kuwasemea wengine, unafika umechelewa.

Ndiyo maana napinga sehemu ya pili ya ule ushauri wa kupima kwanza na kuamua mwishoni. Pima pande mbili ukitaka, lakini uamuzi wako uandike kwenye utangulizi. Insha ya mtihani si hadithi ya upelelezi.

Wakati swali linapokuchagulia

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba uchaguzi ni wako. Kwa swali la kukubali au kupinga, ni wako kweli: maumbo yote mawili yanakubalika, na mtahini hajali unaamini nini. Kwa maswali mengine huna uhuru huo, na kukosa kuliona hili ni hasara ya moja kwa moja katika kigezo cha kwanza.

Swali likikutaka ujadili maoni ya pande zote mbili na kutoa maoni yako, umbo la pande mbili ni lazima. Ukitetea upande mmoja tu umeacha sehemu ya kazi. Hapo kuna njia nzuri ya kuokoa maneno: upande unaoukubali uweke wa pili, na ndani ya aya hiyohiyo useme wazi kwamba ndio wako na kwa nini. Unabaki na aya nne, na uamuzi umepata nafasi ya kutosha.

Swali likiuliza kama faida zinazidi hasara, wengi huorodhesha faida, wakaorodhesha hasara, wakafunga. Hawajajibu. Neno la kazi hapo ni "kuzidi". Lazima useme upande gani ni mzito na kwa sababu gani, na sababu isiwe wingi wa hoja. Hasara moja kubwa yaweza kuzishinda faida tatu ndogo.

Swali la matatizo na ufumbuzi lina uchaguzi wake mdogo: uweke matatizo yote katika aya moja na ufumbuzi wote katika nyingine, au kila tatizo lifuatwe na ufumbuzi wake papo hapo. Mimi huwashauri watu njia ya pili, maana ile ya kwanza huacha ufumbuzi usiohusiana na tatizo lolote lililotajwa. Na swali lenye maswali mawili ndani yake halina siri: aya moja kwa kila swali, utangulizi ukiyajibu yote mawili kwa kifupi.

Umbo la tatu ninalolipenda

Kati ya hayo mawili lipo umbo ambalo halipewi nafasi ya kutosha: kutetea upande wako, lakini kwa kukiri hoja moja nzito ya mpinzani na kuijibu. Utangulizi na aya mbili za mwanzo ni kama umbo la msimamo kwanza. Aya inayofuata huanza kwa kumpa mpinzani sentensi mbili za haki: ni kweli kwamba wazee na wagonjwa wanategemea magari ya familia. Kisha unamjibu: hata hivyo, vibali maalumu vinaweza kuwahudumia bila kuwafungulia mlango wenye magari wote. Msimamo haujatetereka, na bado umeonyesha kwamba umefikiri. Unapata pia zile sentensi za "ingawa" na "hata hivyo" mahali zinapofanya kazi ya kweli.

Nesi anayelenga 6.5 ya kuandika, kiwango ambacho baraza la wauguzi la Uingereza linakitaka, huku sehemu nyingine zikiwa 7, namwambia aanze na msimamo kwanza, aliandike hadi lizoeleke mkononi, kisha aongeze aya hii ya kukiri. Mwenye Kiingereza cha juu anaweza kuanzia hapo moja kwa moja. Na hili la wauguzi nalitaja kwa uzito. Mwaka 2021, baada ya Kenya na Uingereza kutia saini makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya, aliyekuwa waziri wa afya Mutahi Kagwe alisema kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ni 10 tu waliofaulu. Hao ni watu waliosomea kazi yao kwa Kiingereza na kuandika ripoti za wagonjwa kwa Kiingereza kila zamu. Siamini kwamba lugha hawaijui. Naamini wengi hawajawahi kuonyeshwa mtahini anatafuta nini kwenye ukurasa.

Kwa mhudumu wa afya, tena, kuna swali la kujiuliza kabla ya yote haya: je, ni lazima uandike insha? Baraza hilohilo hukubali pia OET, mtihani wa Kiingereza wa wahudumu wa afya. Huko kazi ya kuandika ni barua ya kitaalamu, kwa kawaida ya kumpeleka mgonjwa kwa mhudumu mwingine, kutokana na maelezo unayopewa. Hakuna maoni kuhusu magari wala mitandao ya kijamii. Anayeandika barua kama hizo kazini huenda akajisikia yuko nyumbani zaidi. Linganisha ada, vituo vya mtihani na masharti ya unakokwenda kabla ya kulipa.

Mifano ya kwetu, viunganishi, na dakika za kupanga

Swali la insha hukuruhusu kutumia mifano kutoka maarifa na maisha yako, na hapa watu wetu wanajinyima. Wanatafuta mfano wa London, ambako magari yanayoingia katikati ya mji yalianza kutozwa ada mwaka 2003, au Singapore iliyoanza mapema zaidi, mwaka 1975. Ni mifano mizuri kama unaijua vizuri. Lakini Likoni unaijua zaidi. Unajua kwamba mtembea kwa miguu huvuka bure na gari hulipa, unajua foleni ya alfajiri ilivyo. Mweleze msomaji asiyeijua kwa nusu sentensi, kwamba ni kivuko kinachounganisha kisiwa na pwani ya kusini, kisha endelea. Mfano unaoujua huzaa sentensi mahususi. Takwimu ya kubuni, ile ya "utafiti unaonyesha asilimia 80", haikuongezei chochote na hukuacha na aya tupu.

Kuhusu viunganishi nitasema kidogo tu. Kuanza kila sentensi na neno la kuunganisha hakuleti mshikamano. Vigezo vyenyewe vinaona matumizi ya kimashine kama udhaifu wa kiwango cha alama 6. Sentensi inayochukua wazo la iliyotangulia na kulisukuma mbele haihitaji kengele.

Idadi ya aya haikuandikwa popote kama sheria. Nne zinatosha umbo la msimamo kwanza, tano zinafaa la pande mbili au lile la kukiri. Kinachotakiwa ni kila aya iwe na wazo moja kuu linaloonekana.

Na panga kabla ya kuandika. Najua dakika 40 zinatisha na mkono unawasha kuanza. Lakini dakika 5 za kuandika msimamo wako kwa sentensi moja, hoja mbili, na mfano mmoja kwa kila hoja, ndizo zinazokuzuia kugundua katikati ya aya ya tatu kwamba kumbe unaamini kinyume. Anayefanya kwa kompyuta ana nafuu: anaona idadi ya maneno kwenye skrini na anaweza kuhamisha aya nzima. Anayefanya kwa karatasi hana anasa hiyo, kwa hiyo mpango wake unapaswa kuwa imara zaidi.

Ukitaka kujua umbo lipi ni lako, chukua swali moja, keti mahali patulivu kama maktaba ya Tononoka, na ulipangie mara mbili: mara ya msimamo kwanza, mara ya pande mbili, dakika 5 kila moja. Kisha andika insha zote mbili ukijipimia muda kama wa mtihani. Mpe mtu mwingine asome sentensi ya kwanza ya kila aya tu, asisome zaidi, na akuambie unaamini nini na kwa nini. Ile ambayo ameweza kukueleza bila kukuuliza swali ndiyo ya kwenda nayo kwenye mtihani.